Unywele wa Tatu

Arishati alipenda kusukwa huku akiwasema watu. Asubuhi ile alikuwa amemshika mke wa muuza rangi, na hakuwa tayari kumwachia.

"Ana pete saba," alisema, "na kila akizungumza lazima mkono upite mbele ya uso wako, usije ukakosa kuziona. Shafati, unanisikia au umelala?"

"Nakusikia, dada," alisema Sekelaga. "Inamisha kichwa kidogo."

Hakukuwa na kichwa. Katikati ya magoti ya Sekelaga, juu ya kigoda, palikuwa na chombo cha shaba kisichozidi nazi kwa ukubwa, chenye meno membamba yaliyosimama wima. Kwenye karatasi za kituo cha utafiti kilikuwa na jina refu la kuchosha ulimi. Watu walikiita Kitana. Unywele mmoja ulipita kati ya meno yale, polepole mno, ukaingia upande huu na upande wa pili kisitoke kitu. Vidole viwili vya Sekelaga viliushika, na vingine viliendelea kucheza hewani kana kwamba vinagawa mistari.

Unywele wa mtu hukua sentimita moja kwa mwezi, na kila mwezi unaokua hubeba mwezi wake: hofu, chumvi, moshi, kicheko. Kitana kiliyeyusha unywele kuanzia nchani kwenda penye kisu, yaani pale ulipokatwa, na popote kilipofika ndipo mwenye nywele alipoamka. Hakikusoma kumbukumbu kama mtu asomavyo barua. Kilimwamsha mtu akawa mtu, anajibu, anauliza, ananuna. Nchani, Arishati alikuwa mama kijana mwenye mtoto anayejifunza kutembea. Saa tatu baadaye, penye kisu, alikuwa mwanamke wa Kartago ambaye kesho yake atakata nywele zote azitoe zikasokotwe kamba za mitambo ya kurushia mawe, maana Warumi walikuwa nje ya ukuta. Hakujua kwamba alishakufa miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita. Alijua anasukwa na Shafati, msusi wake.

Madaktari walipomjaribu mwanzo walishika unywele kwa koleo, na Arishati alipiga kelele. Nywele ishirini ziliishia kwenye kelele na laana, na mashine ya kituo ikajifunza lugha yake kutokana na laana hizo. Ndipo wakaenda stendi ya Njombe kutafuta msusi wa kufumua kipande cha kamba kilichobeba nywele hizo bila kukata uzi. Sekelaga alikuja kwa kazi ya siku tatu. Siku ya pili alishika unywele uliokuwa kwenye Kitana, akausugua kwa kidole gumba kama anavyofanya kwa mteja mwenye kichwa kinachouma, na ile shaba ikashusha pumzi ikasema, "Hapo hapo, Shafati."

Tangu hapo hakuondoka. Lugha aliiokota kwa masikio, neno kwa neno, kama wasusi wote wanavyookota lugha za wateja wao.

Sasa ulibaki upana wa ukucha. Hapo Kitana hukawia, dakika kumi nzima, kwa sababu siku za mwisho zimebanana. Sauti ya Arishati ilipoa.

"Walisema tuwape watoto mia tatu tupate amani," alisema. "Tukawapa. Wakasema tuwape panga. Tukawapa panga, na ngao, na mitambo. Tulipobaki mikono mitupu wakasema, haya, hameni, mji tunauvunja. Shafati. Gisko amerudi?"

Kwenye sikio la Sekelaga, sauti ya Dakta Namsifu Kisoka ilisema kwa haraka, "Muulize vitabu. Mumewe kavificha wapi? Sasa hivi."

"Dada, shemeji ameviweka wapi vile vitabu vya hekalu?"

"Nakuuliza mtoto wangu unanijibu vitabu? Gisko amerudi?"

"Atarudi, dada."

"Lini?"

Unywele uliisha. Vidole vya Sekelaga viligusana.

Alisema "atarudi" bila kufikiri. Msusi humkubalia mteja. Mteja akisema mume wake ni mwema, ni mwema, akisema mvua haitanyesha, haitanyesha. Alikuwa ameshasema "atarudi" mara kumi na nane, kwa nywele kumi na nane, na kila mara ilikuwa mara ya kwanza kwa anayeuliza.

Juu ya kitambaa cheusi nywele za Arishati zilikuwa zimebaki mbili.

*

Kituo kilijengwa mlimani kwa ajili ya baridi. Miji ya pwani ya kaskazini ilipoanza kumezwa na bahari, na joto lilipoanza kuozesha vilivyohifadhiwa, mabaki ya watu wa kale yalisafirishwa hadi penye ubaridi uliosalia, na Njombe ilikuwa nao. Kile kipande cha kamba kilitolewa kwenye kisima kilichozibwa kwa udongo tangu mji ulipochomwa. Kilikuwa na nywele za wanawake thelathini na mmoja. Za thelathini zilikuwa zimeoza, zikabaki za Arishati.

Dakta Kisoka alimwita Sekelaga jikoni, siyo ofisini. Alimmiminia chai mwenyewe, akamsogezea sahani ya viazi vya kuchemsha.

"Kula, mwanangu. Umekaa saa tatu."

"Asante, Dakta."

"Unajua kwa nini navitaka vile vitabu?"

"Nasikia ni historia yao."

"Ni kila kitu chao." Dakta alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwembamba, aliyejifunga shali hata mwezi wa kumi. "Warumi waliwapiga mara tatu. Mara ya tatu wakachoma mji siku baada ya siku, wakauza waliobaki. Kisha wakakaa wakaandika. Kila tunachokijua kuhusu Kartago kimeandikwa na adui yake. Walikula nini, walimwomba nani, walikuwa waongo kiasi gani. Fikiria wewe unasemwa na mtu aliyekuibia nyumba, na mahakama haijawahi kukusikia. Miaka elfu mbili na mia tatu. Na mume wa huyu mama aliweka vitabu mahali. Havikuungua. Mama anajua mahali."

"Lakini hasemi mpaka ajue habari za mtoto."

"Ndiyo. Kwa hiyo 'atarudi' haitoshi." Dakta aliweka kikombe chini. "Safari hii utamwambia amerudi. Yuko uani anacheza. Atatulia, utamuuliza, atasema. Dakika kumi zinatosha. Na tukikosa, unabaki mmoja."

Sekelaga alimenya kiazi asikile.

"Kwani ni kweli hakurudi, Dakta?"

"Hatujui. Walipelekwa Sisili, wengine Roma. Baada ya hapo hakuna aliyejisumbua kuandika. Hakuna jina hata moja kati ya mia tatu."

"Mama yangu alipokuwa mgonjwa," alisema Sekelaga, "kaka yangu Ambakisye alifukiwa na kifusi mgodini. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Mimi nilikuwa namsuka, akaniuliza, Amba yuko wapi? Wajomba wote wakaniangalia. Nikasema yuko njiani, mama." Alikiangalia kiazi. "Akakataa nisimalizie nywele. Akasema, utanimalizia Amba akifika, asinikute nimesukwa kama mtu wa kwenda kilioni. Akataka mlango uachwe wazi. Rungwe ile, baridi ile, mlango wazi siku kumi na moja. Alikufa shingo imegeukia mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu timtim. Sikumdanganya apone, Dakta. Nilimwongezea kungoja tu."

Sauti ya Dakta haikuwa kali.

"Pole sana. Lakini yule alikuwa mama yako. Huyu ni unywele. Ukiisha, umeisha. Hakuna anayebaki anangoja."

"Kama ni unywele tu, mbona tunabembeleza useme?"

Mlangoni, mzee Chilewa, fundi wa Kitana, alikohoa kuficha kicheko. Dakta alimtupia jicho, kisha akasimama na kujifunga shali.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye hili jambo, Sekelaga. Watu wa taifa zima wamekaa kimya ndani ya shimo, na ufunguo ni uongo mmoja mdogo wa kumfariji mama. Nionyeshe asiyesema uongo huo. Ijumaa naenda kupokea wageni Makambako, nikirudi jioni tunafanya. Andaa nywele."

*

Kuandaa nywele ilikuwa kuzipaka mafuta yasiyo na harufu, kuzilaza, kuzikagua kwa kidole urefu wote kama kuna mahali zimelegea. Ijumaa asubuhi Sekelaga alifanya hivyo mara mbili, na mara ya tatu akachukua kile kipande cha kamba chenyewe, kilichobaki kigumu kama mzizi. Upande mmoja kulikuwa na fundo dogo. Alikuwa amelipita miezi yote akidhani ni fundo la msokotaji, la kuzuia kamba isifumuke.

Leo liligoma kumpa amani. Msokotaji hufunga fundo kwa nguvu, avute kwa jino ikibidi. Hili lilifungwa polepole, mizunguko mitatu, na mwisho ukafichwa ndani. Vile ndivyo mtu anavyofunga kitu asichotaka kionekane.

Alilifungua kwa ncha ya sindano ya kushonea rasta. Ilimchukua saa nzima. Ndani palikuwa na vumbi la nywele zilizooza, na katikati ya vumbi unywele mmoja mzima, mfupi, urefu wa shubiri. Aliuweka kidoleni, akakosa kuuhisi.

"Mzee Chilewa," aliita. "Hebu njoo."

Chilewa alikuja akifuta mikono. "Umevunja nini?"

"Sijavunja. Shika."

"Nishike nini? Sioni kitu."

"Basi ndiyo hivyo. Nywele za mtu mzima zina uzito, hata moja. Huu ni wa mtoto. Miaka sita, labda saba."

"Mashine yenye akili kuliko bunge zima inatuambia nywele zote humu ni za wanawake, wewe wa darasa la saba unaniambia kuna mtoto." Lakini alishauweka chini ya lenzi, na alipoinua kichwa, utani ulikuwa umemtoka. "Mtoto wa kiume. Na damu ni ya Arishati. Ni mwanawe."

Nje, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha.

"Alimkata kishungi asubuhi ya meli iliyowachukua watoto," alisema Sekelaga. "Akakaa nacho. Halafu siku ya kutoa nywele akakifunga ndani ya zake. Alimpeleka vitani, mzee. Kwa fundo."

"Dakta lazima ajue."

"Dakta atasema tumwamshe mtoto peke yake, tumuulize habari za baba yake. Mtoto peke yake ndani ya shaba, gizani, hakuna mama. Utaweza kusikiliza?"

Chilewa alikuwa na wajukuu wanne.

"Nikizisuka pamoja je?" aliuliza Sekelaga. "Wa mama na wa mtoto, zipite kwenye Kitana kwa mara moja."

"Zitaamka pamoja, nadhani. Nywele za mtu mmoja husema kwa sauti moja, za watu wawili..." Alijikuna kidevu. "Zitasema kwa sauti mbili. Lakini mashine haitaandika kitu, mwanangu. Imefundishwa sauti moja. Ikisikia wawili inaandika mchuzi. Na unywele mmoja wa mama kwa mmoja wa mtoto hautasukika, si ndiyo?"

"Mbili hazisukiki. Zinapotana tu, zinaachana. Msuko unataka tatu."

Wote wawili waliangalia kitambaa cheusi. Mbili za mama na mmoja wa mtoto. Hakutabaki kitu.

"Hapo ndipo vitabu vinapopotea, dakika zote zitakuwa za mtoto," alisema Chilewa taratibu. "Na kazi yako. Na yangu, ingawa yangu imeshazeeka."

Sekelaga alikaa na mikono mapajani kwa muda mrefu, akiangalia jinsi mafuta yanavyong'aa kwenye nywele. Alimfikiria Dakta, miaka kumi na tisa, shali mwezi wa kumi. Alifikiria mji mzima unaosemwa na adui yake. Haikuwa kitu kidogo, na hakujidanganya kwamba ni kidogo. Kisha akafikiria mlango ulioachwa wazi.

"Wewe nenda ukanywe chai, mzee," alisema. "Ukiulizwa, hukuwepo."

"Chai ya nini," alisema Chilewa, akavuta kiti. "Nitakuwepo."

*

Penye visu alizifunga zote tatu pamoja, mwisho kwa mwisho. Hilo alilipima kwa makusudi. Mama alikatwa nywele miezi miwili baada ya mtoto kuondoka. Kama angepanga kwa tarehe, mtoto angeisha mapema na mama angebaki na ile miezi miwili peke yake. Alizifunga pamoja ili dakika kumi za mwisho, pale Arishati anapouliza, mtoto awe yupo. Hangelazimika kusema neno la uongo. Mikono ingesema.

Alianza saa tatu asubuhi. Arishati aliamka akisimulia ndoto ya samaki mwenye viatu. Akaja kwa mke wa muuza rangi na pete zake saba. Chilewa alisikiliza bila kuelewa, akitabasamu kwa mlio tu. Saa mbili zilipita hivyo. Kisha msuko ulifika pale unywele mfupi ulipoanzia, na shaba ikatoa sauti ya pili, nyembamba, yenye mafua.

"Mama, kuna mdudu."

"Muache, hana shida na wewe."

"Ana macho."

"Na wewe una macho. Muangaliane."

Sekelaga aliuma mdomo. Saa nzima mtoto alizunguka ndani ya ile shaba. Alitaka tini. Alikataa kuoga. Alikuwa na farasi wa udongo ambaye mguu wake mmoja ulivunjika ukaunganishwa kwa lami, na kila jambo alilofanya farasi lilibidi litangazwe. Arishati alimgombeza katikati ya sentensi zake mwenyewe bila kukata pumzi, kama mama yeyote anayesukwa huku mtoto anamning'inia.

Ukafika upana wa ukucha. Mahali pale pale ambapo mara kumi na nane sauti ya mama ilipoa.

Ilipoa. "Walisema tuwape watoto mia tatu," alisema Arishati. "Tukawapa. Wakasema..."

"Mama," alisema Gisko.

Vidole vya Sekelaga vilisimama juu ya msuko.

"Shafati," alisema Arishati, na sauti haikuwa ya mtu tena, ilikuwa ya kitu kinachovunjika. "Shafati, amerudi. Amerudi! Njoo hapa. Njoo nikuone. Wamekulisha? Mbona mikono ya baridi?"

Chilewa aligeuka akaangalia ukuta. Machozi yalimdondoka Sekelaga mkononi na akaacha yadondoke, maana vidole havikuweza kuachia. Dakika moja. Dakika mbili. Mama alicheka na kuuliza, akauliza na kucheka.

"Mama," alisema Gisko, "yule askari amesema kila mtu mzigo mmoja tu. Farasi nimchukue?"

Sekelaga alielewa kabla hajataka kuelewa. Alipanga kila kitu, ila hili alilisahau, yeye ambaye kazi yake ni nywele. Unywele haujui kinachokuja baada ya kisu. Unywele wa mtoto ulikatwa asubuhi ya meli, na mwisho wake ni asubuhi ya meli, hata ukiufunga wapi. Hakuwa amerudi. Alikuwa anaondoka.

Arishati alizungumza kwa upole, kama mtu anayetembea penye giza akigusa ukuta.

"Siku ile uliniuliza hivyohivyo."

"Nimchukue?"

"Nilikwambia mwache, utarudi kabla hajakusahau." Akavuta pumzi. "Mchukue, mwanangu. Mfunge ndani ya nguo, mguu ule usivunjike. Mchukue."

"Na nikirudi?"

"Mchukue tu."

Miguu midogo ilikimbia ndani ya shaba, ikapotea. Mlango fulani, mahali fulani, ulifungwa.

"Wewe si Shafati," alisema Arishati.

"Hapana, dada."

"Shafati angenivuta sikio nikitikisika. Wewe una huruma ya mgeni. Wewe ni nani?"

"Ni msusi. Naitwa Sekelaga. Natoka mbali sana."

"Gisko alirudi?"

Hapo ndipo pale. Lile neno lilikuwa ulimini, limezoea njia, limepita mara kumi na nane. Sekelaga alilimeza.

"Sijui, dada. Hakuna anayejua. Waliomchukua ndio walioandika, na hawakuandika hata jina moja."

Alingoja kelele. Hazikuja. Kwenye saa ya ukutani zilibaki dakika nne.

"Una kitu cha kuandikia?" aliuliza Arishati.

Chilewa alipapasa mifukoni, akatoa kalamu. Karatasi haikuwepo. Sekelaga aliokota kasha tupu la rasta, akaligeuza ndani nje kwa meno na mkono mmoja, akaliweka gotini.

"Ninayo."

"Nilisimama gatini. Watoto wa meli ya Gisko waliwapanga ukingoni, kuanzia omo, mbele, hadi tezi, nyuma, na mimi nilipita nao kwa macho mmoja mmoja, ili nifike kwa wangu taratibu, nisimalize haraka. Andika. Wa kwanza, Bodashtati, mwenye jino lililokatika. Baada yake Himilko. Alikuwa anacheka, mjinga, alidhani ni matembezi. Magoni na pacha wake Adherbali, wameshikana mikanda. Umeandika?"

"Naandika."

"Bostari wa msimamizi wa bandari. Alijikojolea, na mwenzake Sakarbali akasimama mbele yake watu wasione. Huyo andika vizuri."

Sekelaga aliandika kwa herufi kubwa za darasa la saba, jinsi yalivyosikika, kalamu ikitoboa boksi. Arishati hakuharakisha. Alimpa kila mmoja nafasi yake kwenye ukingo, huyu nguo ya kuazima, huyu kidonda cha goti, huyu mama yake alijitupa majini kuifuata meli. Wa tisa. Wa kumi. Kipande cha msuko kilichobaki kilikuwa kama punje ya mchele.

"Wa kumi na moja, Abdmelkarti. Alikuwa anatafuna kitu. Baada yake, wa mwisho kabisa, pale tezini, ameshika..."

Vidole vya Sekelaga viligusana.

*

Dakta Kisoka alirudi saa kumi, peke yake. Wageni aliwaacha kwenye gari. Chilewa alikuwa amemwambia kwa simu, maneno machache. Alisimama mbele ya kitambaa cheusi kisicho na kitu juu yake, na kwa muda hakuonekana kama mtu aliyekasirika. Alionekana kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika.

"Mashine?" aliuliza.

"Mchuzi, Dakta," alisema Chilewa.

"Mahali pa vitabu?"

"Sikumuuliza," alisema Sekelaga. Alikuwa amesimama, vitu vyake vimeshafungwa kwenye kitenge. "Kosa ni langu. Mzee hakufanya kitu."

"Miaka kumi na tisa." Dakta alisema kwa sauti ndogo, siyo kwao. "Angalau ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hatujui."

Dakta alifumba macho. Alipofumbua, aliona kile kipande cha boksi mkononi mwa Sekelaga, akanyoosha mkono, akapewa. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Alipofika kwa Sakarbali aliketi kwenye kile kigoda, pembeni ya Kitana, kama mtu anayekuja kusukwa.

"Haya ni majina yao," alisema.

"Ni wale aliowahi kuwafikia."

"Kumi na mbili."

"Aliyataja kumi na moja. Unywele uliisha." Sekelaga alishusha kitenge chini. "Huyo wa mwisho nimemwandika mwenyewe."

Dakta alilitazama lile jina muda mrefu. Lilikuwa limeandikwa kwa kubonyeza zaidi kuliko mengine. Alitoa kalamu kwenye shali, na Sekelaga alidhani anataka kulifuta.

"Alisimama wapi?"

"Tezini, Dakta. Alikuwa ameshika kitu."

"Kitu gani?"

"Siku ile alimwacha nyumbani," alisema Sekelaga. "Lakini leo mama yake kamruhusu. Andika farasi."

Dakta Kisoka akaandika.